Uzio Usiotaka Maji

Juzi asubuhi, katika baridi hii ya Julai ambayo watumishi waliohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam huipokea kila mwaka kama watu waliosalitiwa, nilisimama kwenye meza ya muuza maua kando ya barabara. Alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Mbele yake alikuwa amepanga vikopo vilivyopakwa rangi, na ndani yake ile mimea ya miiba na ya majani manene ambayo siku hizi watu wanapenda kuiweka vibarazani: mpungate mdogo kama ngumi ya mtoto, mshubiri, vipande vya mnyaa vilivyochomekwa kwenye kokoto. Dada mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi kifuani alikuwa anauliza kama vitahimili baridi vikikaa nje.

"Vitahimili, dada," muuzaji akajibu bila kuwaza. "Wewe vimwagilie tu kila siku, asubuhi na jioni."

Nikacheka. Sikukusudia kucheka kwa sauti, lakini wote wawili wakanigeukia, na yule dada akanitazama kama mtu anayetaka kujua ana doa wapi. Nilitaka kumweleza, nikaona habari yenyewe ni ndefu mno kwa mtu anayewahi kazini. Nikaomba radhi nikaenda zangu. Basi nitakusimulia wewe, rafiki yangu, kwa sababu wewe huna haraka, na kama unayo, umeshachelewa.

Nililelewa na bibi, mama yake mama yangu, kwenye kitongoji kimoja juu ya Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, pale vilima vinapoanza kusogeleana. Mama alikuwa karani mjini, na alikuja wakati wa likizo akiwa na mikate na sabuni zenye harufu nzuri. Ukimtajia mtu Dodoma, mawazo yake hukimbilia jua, vumbi na zabibu. Mpeleke kule juu mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala juu ya paa na upepo ukimpenya hadi kwenye meno, halafu umuulize tena. Asubuhi tulikuwa tunaota moto jikoni hadi magoti yanaungua na mgongo bado unatetemeka. Kunawa uso ilikuwa kazi ya watu wenye imani kali. Mimi nilikuwa nalowesha vidole viwili, napangusa tongotongo, basi. Bibi alikuwa anaona, na alikuwa ananiachia.

Bibi alizaliwa kwenye vilima hivyo, lakini aliolewa bondeni, upande wa Hombolo, na huko aliishi miaka mingi hadi akazoea joto na ukame kama mwenyeji. Mume wake alipofariki, hakutaka kubaki kwa wakwe akihesabiwa vijiko vya chumvi. Akapanda lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, mimi pembeni yake, na nyuma yetu kitanda, sufuria, kuku wawili watatu na mafungu makubwa ya minyaa yaliyofungwa kwa magunia. Ikiwa huujui mnyaa, ni ule mti usio na majani, wenye vijiti vya kijani vya mviringo, ukivunja kimoja unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Bondeni kila nyumba imezungushiwa minyaa. Dereva aliyatazama yale mafungu akatikisa kichwa.

"Mama, kuni hizi hata hazishiki moto."

"Nani kakwambia naenda kuzipikia?" bibi akamjibu, na safari yote hawakusemezana tena.

Tulifikia kwa kaka yake bibi, ambaye mimi nilimwita babu mkubwa. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha tumbaku, na neno lake akishalitoa halirudi. Jioni ya kwanza tulipomaliza kula, akamwita balozi wa kitongoji aje awe shahidi, kisha akamwambia bibi mbele ya watu wote: "Mdogo wangu, kile kiwanja cha ukingoni, na kibanda kilichomo, chukua. Ni haki yako, baba yetu ni mmoja. Lakini desturi ya hapa unaijua. Mvua ikinyesha, pasipo na uzio ni shamba."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya mavuno, ng'ombe na mbuzi waliachiwa watembee watakako, na nyumba isiyozungushiwa ilihesabiwa kuwa kibanda kilichosimama shambani kwa muda. Uzio wa nguzo kavu haukuhesabiwa, kwa kuwa mchwa wangeula na majirani wangeumalizia kwa kuni. Uzio wa miiba iliyokatwa ulikuwa wa zizi. Uzio wa mtu ulikuwa ule unaoota, ulio hai, uliofungamana kutoka kona hadi kona. Kila mtu kule alipanda uzio wake wakati wa masika, ardhi ikiwa imeloa, na ukapata mwaka mzima wa kushika. Bibi alifika mvua zikiwa zimekwisha. Alitakiwa kupanda wakati wa kipupwe, msimu ambao kule juu hapandi mtu chochote, hata maboga.

Na pembeni alikuwepo mjomba, mtoto wa babu mkubwa. Hakuwa mtu mbaya, nakuomba usimchukie. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo, na kile kiwanja cha ukingoni alikuwa amekilima mahindi tangu ujana wake. Uzio ukishindwa, angekilima tena, na bibi angehamia chumba cha uani, nyuma ya jiko la mke wa mjomba. Angepewa chakula, angepewa mahali pa kulala. Ila angekula wakipakua wenzake na kulala wakifunga wenzake. Bibi alikuwa na hitaji moja tu katika dunia hii, na alilisema wazi: "Nataka nipike ninapotaka kupika." Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa kabisa.

Kazi ikaanza. Minyaa haikupandwa siku ileile. Bibi aliikata vipande virefu kama fimbo, akailaza kwenye kivuli uvunguni mwa kitanda chetu, tukalala juu yake kwa muda mrefu, hadi zile ncha zilizokuwa zinatoa maziwa zikajifunga na kuota kigaga kama kidonda kinachopona. Sikuruhusiwa kugusa chochote kabla ya hapo, kwa sababu utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni si mchezo. Mimi kazi yangu ilikuwa mawe. Nilibeba kokoto na mchanga mkavu kutoka korongoni kwa karai bovu, safari baada ya safari, huku vidole vimekufa ganzi. Bibi alichimba mtaro kuzunguka kiwanja, akaujaza ule mchanga na kokoto hadi ukawa tuta, akachomeka vipande kimoja baada ya kingine, vimeinama kidogo upande wa kaskazini ambako jua la kipupwe linapita. Kwenye shina la kila kimoja akaweka jiwe jeusi. Mchana mawe yalipata joto, na jioni ukiyashika yalikuwa bado yana uvuguvugu wakati udongo wa pembeni umeshakuwa baridi. Nilipenda kuyakalia.

Maji hakuweka hata tone.

Mbele ya nyumba, juu ya ukuta mfupi wa mawe, alipanga vitu vyake vingine alivyotoka navyo bondeni: mshubiri kwenye sufuria iliyotoboka, mpungate kwenye beseni lililopasuka, na mmea mmoja wa shina nene kama kibuyu ambao jina lake sikuwahi kulijua. Vyote vililala nje usiku na mchana. Nilimwonea huruma mshubiri, nikauliza kwa nini tusiuingize ndani kwenye moto. Bibi akasema mshubiri ukilala ndani unarefuka shingo kama mtu anayechungulia mambo ya watu, halafu ukitoka nje siku moja tu unaanguka. "Baridi haiui," alikuwa akisema. "Kinachoua ni baridi na maji vikikutana." Aliyasema hayo mara nyingi sana, hata nikiwa simsikilizi.

Watoto wa pale walicheka hadi wakachoka. Walipita wakiimba kwamba bibi wa bondeni anapanda kuni, na mimi nilikasirika nikawatupia vijiwe, halafu kesho yake tukacheza pamoja. Kipupwe kilipokomaa, vijiti vya minyaa vikabadilika rangi. Ncha zikawa za manjano, kisha zikaanza kuwa nyekundu kama mashavu ya pilipili. Mjomba alipita njiani na jembe lake begani, akatazama, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona mwisho, "Shangazi, umekufa huu."

"Haujafa. Umevaa sweta," bibi akasema, akaendelea kupeta choroko.

Watu wazima wa pale hawakucheka, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Walisikitika. Jirani yetu wa karibu, mama mmoja mfupi mwenye sauti nene, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu upande wa mashariki, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alikuwa anapita akiangalia ule mtaro mkavu huku akitikisa kichwa. Kwetu kule, wewe unajua, maji ndiyo zawadi. Mgeni akifika unampa maji kabla hujamuuliza habari. Mgonjwa unamchotea maji. Mfiwa unamjazia mtungi. Wakati wa kipupwe chemchemi ilikuwa inapungua hadi inatoa uzi mwembamba, na mwanamke alikuwa anakinga ndoo moja huku jua linatoka. Kumpa mtu ndoo hiyo ni kumpa asubuhi yako yote.

Basi Jumamosi moja tukasikia nyimbo. Nikatoka mbio. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapanda kilima kwa mstari, kila mmoja ana ndoo kichwani, majani yakielea juu ya maji yasimwagike, na mbele yao yuko jirani yetu. Walikuja kumnyweshea mjane uzio wake. Nakwambia, nilipoona mstari ule nilirukaruka kwa furaha, maana nilijua sasa hatupo peke yetu.

"Mbukwenyi!" jirani akasalimu kwa sauti yake nene. "Dada, tumekuja. Leo minyaa yako itashiba."

Bibi alikuwa amechutama kwenye tuta. Akasimama, akapanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Hapana. Msimwage. Hata kikombe."

Wakadhani anaona haya. Mmoja akacheka, akateremsha ndoo yake, akainama. Bibi akamshika mkono. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alipoteza hata hayo machache mazuri aliyokuwa nayo. Alisema kwa ukali, "Mnataka kuniozeshea? Nimesema sitaki maji yenu!"

Nyimbo zikakatika. Mwanamke anakataa maji, tena kipupwe, tena mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Angesema angalau wayamimine mtungini, wangekunywa chai pamoja na mambo yangekwisha, lakini hofu ilikuwa imemshika, na mtu mwenye hofu hachagui maneno. Akina mama wakajitwisha ndoo zao wakashuka kimyakimya. Jirani alikuwa wa mwisho. Alimtazama bibi kwa muda, si kwa hasira, ila kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa ambaye akili imeanza kumtoka.

Baada ya hapo, mambo yakawa mambo. Kwenye chemchemi mazungumzo yalikoma tukifika. Shikamoo zangu zilipokelewa kwa marahaba fupi. Jumapili benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa sana. Bibi alijifanya hajali, lakini usimwamini mtu anayejifanya hajali. Alianza kupika mlenda mwingi kuliko tunavyoweza kula, kwa mazoea ya bondeni ya kutegemea mgeni, na kila siku nikaumalizia mimi. Mpaka leo harufu ya mlenda na ugali wa uwele inanirudishia ule upweke, na bado naupenda.

Kipupwe kilipokuwa kinaelekea mwisho, minyaa ya upande wa mashariki, ule unaotazamana na jirani, ikaanza kulegea. Pande nyingine tatu vijiti vilikuwa vigumu, vyekundu, vimekaza kama mtu aliyefumba macho. Upande wa mashariki vilikuwa vya kijani kizuri, vimenona, halafu vikawa laini chini, halafu vikaanza kuinama kimoja baada ya kingine. Bibi aling'oa kimoja, akakinusa, akanipa nami ninuse. Kilikuwa kinanuka kama viazi vilivyosahauliwa gunini. Akaingiza mkono kwenye mchanga, akautoa ukiwa na unyevu.

"Kuna mtu anaunywesha," akasema.

Kesho yake aliniamsha mapema, tukajificha nyuma ya ukuta wa mawe kati ya mshubiri na mpungate. Ukungu ulikuwa mzito. Kwanza tulisikia nyayo, kisha tukamwona jirani, khanga imemzunguka masikio, amebeba ndoo kwa mikono miwili. Kutoka kwenye ndoo ulikuwa unapanda mvuke. Alikuwa amechemsha yale maji. Alikwenda shina kwa shina na kata yake, akimimina polepole pembeni ya kila jiwe, akijaribu kwanza kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto mchanga, asije akaunguza. Huku anamimina alikuwa anaongea na mti. "Kunywa," alikuwa anasema. "Kunywa, usimwache mwenzangu."

Nilimtazama bibi nikitarajia atoke kwa kishindo. Hakutoka. Alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa khanga na machozi yanamtiririka. Yule mama alikuwa ameamka alfajiri kukinga maji, akatumia kuni zake mwenyewe kuyapasha, kwa ajili ya mtu aliyemtukana hadharani. Na kila kata aliyomimina ilikuwa inatuondolea nyumba. Bibi alikaa pale hadi jirani akamaliza na kwenda zake.

Mchana alijifunga khanga mpya, akabeba bakuli la mlenda, akanichukua na mimi. Mlangoni kwa jirani alipiga hodi kwa sauti ya chini mno. Walipoketi alianza na kuomba radhi kwa yale maneno ya siku ya ndoo. Alieleza kuhusu mnyaa, kwamba ni mti uliobeba maji yake mwenyewe, na ukiwa kwenye baridi unafunga mdomo, ukiulazimisha unaoza tumbo. Hakumwambia kwamba tumemwona. Lakini jirani hakuwa mtoto. Aliweka bakuli chini, akashika kichwa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Dada, nimekuulia uzio."

"Umenipenda," bibi akamjibu. "Sikukupa nafasi nyingine ya kunipenda, ukatumia hiyo."

Walilia wote wawili, halafu wakacheka kuhusu yale maji ya moto hadi jirani akapaliwa. Kuanzia siku hiyo jirani alikuwa anakuja kwetu kila siku, na wakati mwingine mara mbili. Alikatiza palepale minyaa ilipoanguka, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Alileta mboga yake kuichambulia kwetu. Alikuja kuazima chumvi, kisha akaja kuirudisha, kisha akakumbuka alisahau kusema jambo. Akina mama wengine nao wakaanza kurudi kidogo kidogo, na mlenda wetu ukawa hautoshi tena. Joto lilipoanza, bibi alikata vichwa vichache kwenye minyaa mizima akajaribu kujazia upande wa mashariki. Vilisimama, lakini havikushika. Wakati haukutosha, na vingine mbuzi walivikanyaga. Pande tatu zikachipua, kila kijiti kikatoa vijiti vyake, vikaanza kushikana mikono. Upande wa nne, ile iliyonusurika ilikuwa imeshikana kutoka kila kona hadi karibu na katikati, na hapo katikati pakabaki pengo.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Bibi akapunguza kula. Mimi nilikuwa naamka naangalia lile pengo kama vile lingeweza kujifunga tukiwa tumelala.

Ngurumo za kwanza ziliposikika upande wa bonde, babu mkubwa alikuja na balozi. Mjomba alifuata nyuma na jembe la kukokotwa na ng'ombe limeegeshwa njiani, si kwa kiburi, ila kwa haraka ya msimu. Babu mkubwa alizunguka uzio wote taratibu. Kila baada ya hatua kadhaa alifinya kijiti kwa ukucha na kungoja. Maziwa yakitoka, anaguna kwa kuridhika. Upande wa kusini, maziwa. Magharibi, maziwa. Kaskazini balozi mwenyewe alijaribu, akajifuta kidole kwenye suruali. "Na kipupwe chote kile," balozi akasema. "Ajabu."

Wakafika mashariki. Wakasimama.

"Na hapa?" mjomba akauliza kwa upole. "Baba, hapa pako wazi. Ng'ombe wanapita."

 Nilimwona babu mkubwa anamtazama dada yake, na niliona anaumia. Neno lake alilitoa mbele ya watu, na mwenye kulirudisha hakuwepo. Bibi alisimama wima, mikono imekunjwa, macho yake yako mbali. Nadhani moyoni mwake alikuwa ameshaanza kukunja kitanda. Mimi nilishika khanga yake na kuanza kulia, bila hata kujificha.

Hapo ndipo jirani alipotoka nyumbani kwake. Alikuwa na kikombe kitupu mkononi. Alikuja moja kwa moja kwa mwendo wake wa siku zote, hadi akawafikia wale wanaume watatu waliojipanga katikati ya pengo. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Samahani, mmesimama mlangoni. Naomba kupita, nimeishiwa chumvi."

Babu mkubwa akamtazama. "Mlangoni?"

"Mlangoni, kaka. Au ninyi huwa mnamzungushia mtu uzio hadi jirani akose pa kupitia?"

Babu mkubwa akainamisha macho chini, nasi sote tukaangalia alipoangalia yeye. Katikati ya lile pengo kulikuwa na njia. Haikuwa imechorwa kwa ajili ya siku hiyo. Ilikuwa imekanyagwa na miguu ya kila siku, nyeupe, laini, imetoka kwenye kizingiti cha jirani hadi kwenye kizingiti cha bibi. Hata mawe meusi yalikuwa yamesogezwa pembeni kila upande. Mzee alikohoa kikohozi chake cha tumbaku muda mrefu, na alipomaliza nikaona anacheka.

"Uzio una mlango," akamwambia balozi. "Umeona?"

"Nimeona," balozi akasema.

Mjomba alibaki anaitazama ile njia. Kisha, na kwa hili nilimpenda maisha yangu yote, alisogea pembeni kumpisha jirani apite. Jirani akapita, akaingia jikoni kwetu, akajichotea chumvi, akarudi alikotoka. Mvua ilifika siku chache baadaye, na bibi akapika alipotaka.

Siku hizi nikienda kule naona mengi hayapo. Chemchemi ile imejengewa, bomba limefika hadi karibu na kanisa, na hakuna tena mstari wa akina mama wenye ndoo wanaopanda kilima wakiimba. Nyumba nyingi zimezungushiwa ukuta wa tofali, wengine wamepachika vipande vya chupa juu yake, na desturi ya kwamba uzio wa mtu ni ule unaoota nikiwasimulia vijana wanadhani natunga. Babu mkubwa ametangulia. Bibi ametangulia, na jirani alimfuata kipupwe kilichofuata, kama vile alikumbuka alisahau kumwambia jambo. Ninawakumbuka sana wote, na sitaki kujidai kwamba nimezoea.

Lakini mama yangu amestaafu, na anaishi kwenye kiwanja kile. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni cha nani. Minyaa imekuwa miti, imezidi paa, na nilipokwenda mwezi uliopita ncha zake zilikuwa nyekundu tupu kwa baridi. Asubuhi nilitoka na kikombe cha chai, nikaegemea shina moja pale mashariki kutafuta jua. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa mke wa mjukuu wa jirani, msichana aliyeolewa kutoka Kondoa juzijuzi tu, asiyemjua bibi wala yule mama wa sauti nene, na asiyejua lolote kuhusu maji ya moto. Alikuwa na bakuli mkononi na mtoto mgongoni. Aliniamkia, akasubiri kidogo, akatabasamu kwa aibu, kwa kuwa mimi mgeni nilikuwa nimemzibia njia.

Nikasogea, akapita.